Chungu Wawili wa Mobile

Tangu zamani Waswahili wamewapa wadudu chungu majina mbalimbali, wala hawakufanya hivyo kwa upuuzi. Sisimizi ni yule mdogo apendaye sukari jikoni, asiyemdhuru mtu. Siafu ni yule aendaye kwa majeshi, ambaye mwenye nyumba akimwona humwachia nyumba hata apite. Maji moto ni yule mwekundu wa miembeni, aunganishaye majani kuwa kiota, na apandaye mti bila kumtazama hujuta. Majina haya yalitolewa na watu waliotazama vizuri. Mtu aliyemwona siafu akamdhani sisimizi aliamka usiku akipiga kelele.

Walakini ziko tofauti nyingine ambazo jicho halizioni kwa mara moja, na ulimi haujazipatia jina. Katika nyanda za Laikipia, penye udongo mweusi, humea aina ya mgunga ambao miiba yake imevimba kama vibuyu, na upepo ukipita katika matundu yake hulia kama filimbi. Ndani ya miiba hiyo hukaa chungu. Mpita njia huona chungu tu, akaenda zake. Lakini katika mti huu yumo chungu mwenye kichwa cheusi, ambaye hutafuna machipukizi hata mti usitoe maua; na katika mti wa jirani yumo nduguye mwenye kichwa chekundu, ambaye huulinda mti wala hayakati machipukizi yake. Mtu asiyewatenga hao wawili atashangaa maisha yake yote kwa nini mti mmoja huchanua na mwingine hauchanui.

Nataka kukusimulia, ewe msomaji, habari ya kosa la namna hiyo lililofanywa mbali na kwetu, katika nchi ya Marekani. Lilidumu karibu miaka 40, na waliolifanya hawakuwa wajinga. Baadhi yao walikuwa wataalamu wakubwa wa wadudu katika dunia nzima. Ndiyo sababu habari yenyewe yafaa kusomwa.

Mobile ni bandari ya jimbo la Alabama, kando ya Ghuba ya Meksiko. Meli nyingi zilifika huko zikitoka Amerika ya Kusini, na yadhaniwa kwamba yapata mwaka wa 1918 mojawapo ilileta, pamoja na udongo au shehena, chungu ambaye hakuwa mwenyeji wa nchi ile. Alikuwa mweusi-mweusi, mdogo, mjenzi wa vichuguu vya udongo mashambani. Mwaka wa 1929 mkusanyaji wa wadudu wa mji ule, H. P. Löding, alitangaza kwamba mgeni huyo amekwisha kufanya makao.

Watu walimwita chungu-moto, kwa sababu ya namna anavyouma. Humshika mtu kwa mataya yake, akajikunja, kisha humchoma kwa mwiba ulio mwishoni mwa tumbo. Huuchomoa, akageuka kidogo, akachoma tena na tena kwa kuzunguka. Mahali palipochomwa huwaka kama pameguswa na kaa la moto, na baada ya siku moja hutoka kipele chenye usaha mweupe. (Tafadhali usimchanganye na maji moto wetu, ingawa majina yanakaribiana. Maji moto hana mwiba kabisa. Yeye hung'ata kwa mataya na kutia tindikali katika jeraha.)

Jina la kitaalamu la mgeni huyu lilikuwa limekwisha kuandikwa. Mwaka wa 1909 bingwa wa Uswisi, Auguste Forel, alipokea chungu kutoka Buenos Aires, mji mkuu wa Argentina, akawaita richteri. Mwaka wa 1930 Mmarekani William Creighton aliandika kitabu kizima juu ya jamii hii ya chungu, iitwayo Solenopsis. Akaona kwamba richteri si aina kamili yenye kusimama peke yake, bali ni namna tu ya aina nyingine iliyojulikana tangu mwaka wa 1855 kwa jina la saevissima, maana yake «mkali kupita wote». Kwa hiyo chungu wa Mobile akawekwa katika daftari chini ya jina hilo, na watu wakaridhika.

Hapo ndipo alipoingia mgeni wa pili. Katika miaka ya 1930 alifika chungu-moto mwingine kwa bandari ile ile ya Mobile. Huyu alikuwa mwekundu-mwekundu, na hakuna aliyepiga mbiu ya kuja kwake. Mwaka wa 1942 mtoto wa miaka 13, aliyependa mno wadudu, aliona kichuguu chake katika uwanja mtupu karibu na nyumba yao, akaandika habari zake. Mtoto huyo ni Edward Wilson, ambaye baadaye sifa yake ya kuwajua chungu ilienea ulimwenguni. Mwaka wa 1949, akiwa bado mwanafunzi, serikali ya Alabama ilimpa kazi ya kuchunguza chungu-moto wameenea mpaka wapi. Aliona kwamba chungu wekundu walikuwa wakiongezeka upesi, na weusi walikuwa wakisukumwa pembezoni.

Basi, je, walikuwa aina mbili au moja? Wilson na wenzake wa miaka ile ya 1950 waliamua kwamba ni aina moja yenye rangi mbili, mfano wa ng'ombe mweusi na ng'ombe mwekundu wa zizi moja. Usiwacheke. Walikuwa na sababu njema. Wataalamu waliowatangulia walikuwa na tabia ya kutoa jina jipya kwa kila chungu aliyezidi mwenziwe weusi kidogo, hata majina yakawa mengi kama mchanga, na nusu yake hayakuwa na maana. Kizazi cha Wilson kilichoka na jambo hilo, kikaanza kufagia. Na kila afagiaye kwa nguvu huenda akafagia na kitu ambacho si taka.

Wakati mabingwa walipokuwa wakizungumza habari za majina, wakulima walikuwa wakitaka msaada. Mwaka wa 1957 Bunge la Marekani lilitoa dola milioni 2.4 ili chungu-moto aangamizwe kabisa, na idara ya kilimo ikatangaza kwamba itanyunyizia dawa kiasi cha ekari milioni 20. Ndege ziliruka zikimwaga sumu za heptakloro na dieldrini juu ya mashamba, misitu na vijito. Ndege wa porini walikufa, samaki walikufa, na mifugo pia. Mwandishi Rachel Carson aliieleza habari hiyo katika kitabu chake Silent Spring cha mwaka 1962, kitabu kilichowaamsha watu wengi juu ya hatari ya sumu za mashambani. Baada ya hapo ikaletwa sumu nyingine, mireksi, iliyochanganywa na mafuta ya soya katika vipande vya magunzi ya mahindi, ili chungu waibebe wenyewe hadi kwa malkia wao. Ilimwagwa kwa miaka mingi, hata serikali ikaikataza kufikia mwaka wa 1978. Chungu-moto hakuangamia. Sumu iliwaua pia chungu wenyeji waliokuwa wakishindana naye, na uwanja ulipobaki mtupu yeye ndiye aliyerudi kwanza.

Sitasema kwamba vita hivyo vilishindwa kwa sababu ya jina lililokosewa. Sumu ile ingaliua ndege na samaki hata kama kila chungu angalikuwa na jina lake sawasawa. Lakini katika miaka ile yote watu walipigana na maadui wawili wakiwahesabu kuwa mmoja. Walizichunguza tabia za mmoja wakaziandika kwa jina la mwingine, na walipotaka kujua ametoka nchi gani ng'ambo ya bahari, jina liliwaelekeza pasipo.

Mwaka wa 1972 William Buren alichapisha makala katika jarida la wataalamu wa wadudu wa jimbo la Georgia. Hakuwa na chombo cha ajabu. Alikuwa na darubini, chungu waliokaushwa wakagandishwa juu ya vipande vya karatasi, na subira. Nataka tukae naye mezani kidogo, tutazame alivyotazama.

Chukua chungu wawili wakubwa waliokufa, mmoja mweusi na mmoja mwekundu. Nasema wakubwa, kwa kuwa katika kichuguu kimoja wafanyakazi hawalingani kimo. Wako wa milimita 2 na kitu, na wako wafikao milimita 6. Wadogo hufanana mno, na alama nitakazozitaja huonekana vema kwa wakubwa tu. Tena ni lazima wawe wafanyakazi, yaani wale majike yasiyo na mabawa ambayo hutafuta chakula na kulinda kichuguu. Hao ndio wapatikanao siku zote, ilhali madume hutokea kwa majira na malkia hujificha chini.

Kwanza hakikisha kwamba wote wawili ni wa jamii ya chungu-moto. Papasi zao ziwe na viungo 10, viwili vya mwisho vikiwa vinene kama kichwa cha rungu. Kiuno kati ya kifua na tumbo kiwe na vifundo viwili. Kisha tazama ukingo wa uso juu ya mataya: hapo pana vijino vidogo, na wageni hawa wawili wana kijino kimoja katikati kabisa, ambacho kwa kawaida chungu-moto wenyeji wa kusini mwa Marekani hawana. Mpaka hapo umewatenga wageni na wenyeji, lakini hujawatenga wageni wenyewe kwa wenyewe.

Sasa rangi. Huyu ni mweusi wa hudhurungi, na juu ya tumbo ana doa la manjano. Yule ni mwekundu wa hudhurungi, na tumbo lake limeiva weusi kidogo. Mtu mwenye haraka angesema, «Kazi imekwisha.» Buren hakusema hivyo. Rangi ni shahidi asiyetegemewa: chungu aliyetoka tu katika hali ya buu huwa mweupe-mweupe hata kama wazazi wake ni weusi, na huchukua muda kabla ya kuiva. Wala rangi ndiyo iliyoleta ugomvi tangu mwanzo. Haiwezi kuwa mdaiwa na hakimu pamoja.

Basi achana na rangi, tazama umbo. Mgeuze chungu mwekundu akuelekee uso. Kichwa chake kina umbo la moyo, kipana kuelekea kisogoni, na katikati ya kisogo pana mkunjo. Cha mweusi ni cha mviringo mrefu, kinakaribia yai. Sasa mtazame kutoka juu. Mweusi ana mabega, yaani pembe za mbele za kifua zimetokeza, na kwa wakubwa wake sehemu ya katikati nyuma ya mabega hayo imebonyea kidogo, kama mahali mtu alipotia kidole katika udongo mbichi. Mwekundu hana mabega hayo wala bonyeo. Mlaze ubavu: sehemu ya nyuma ya kifua cha mweusi ni ndefu na imenyooka, ya mwekundu ni fupi na imepinda kama mgongo wa kilima. Mwisho, tazama kwa nyuma kile kifundo cha pili cha kiuno. Cha mwekundu ni chembamba, pande zake zinakaribiana, na mfinyo unaokikata kwa upana unaonekana wazi. Cha mweusi ni kipana, pande zake zimesimama sawa au zinaachana, na mfinyo ni hafifu au haupo kabisa.

Huenda ukasema, «Yote haya ni mambo madogo.» Ni kweli, ni madogo, kifundo chenyewe hakifiki unene wa kichwa cha pini. Tena hakuna alama hata moja kati ya hizo ambayo ikiwa peke yake ingemshawishi mtu mkaidi. Nguvu yake ni katika kufuatana. Ikiwa tofauti ni ya rangi tu, kama ya ng'ombe wa zizi moja, kwa nini kila mwenye rangi nyeusi awe pia na mabega, na kifua kilichonyooka, na kiuno kipana? Katika zizi moja ungetazamia kukuta mweusi mwenye kiuno chembamba, na mwekundu mwenye mabega. Na jambo la pili lilikuwa na nguvu zaidi. Buren alipotazama chungu waliokusanywa Amerika ya Kusini, aliwaona hao wawili kule pia, kila mmoja na nchi yake: mweusi upande wa Buenos Aires, Uruguay na kusini ya Brazil, na mwekundu mbali kaskazini, katika jimbo la Mato Grosso nchini Brazil. Hivyo wekundu haukuzaliwa Mobile kwa mabadiliko ya ghafula. Ulikuja na meli, umekwisha kuwa vile.

Mweusi akarudishiwa jina lake la Forel, Solenopsis richteri, sasa kama aina kamili. Mwekundu, ambaye alikuwa ameenea kusini mwa Marekani bila jina lake mwenyewe, Buren alimpa jina la Solenopsis invicta, yaani «asiyeshindwa». Ukikumbuka habari za zile ndege na sumu zake, utaona kwamba jina hilo lilimstahili.

Jina lenyewe nusura lipotee. Mwaka wa 1916 Mswisi mmoja, Felix Santschi, aliyekuwa daktari wa wagonjwa katika mji wa Kairouan nchini Tunisia na ambaye alichunguza chungu katika saa zake za mapumziko, alikuwa amewaeleza chungu fulani wa Argentina akawaita wagneri. Katika miaka ya 1990 ikatambuliwa kwamba wagneri na invicta ni kitu kimoja. Kwa sheria ya wataalamu wa wanyama, jina la kwanza ndilo lenye haki. Lakini invicta lilikuwa limekwisha kuandikwa katika maelfu ya kurasa, hata katika amri za serikali. Mwaka wa 1999 wataalamu walipeleka ombi kwa tume ya dunia isimamiayo majina ya wanyama, na mwaka wa 2001 tume ikaamua kwamba invicta libaki. Mimi naona waliamua vema, ingawa namwonea huruma yule daktari wa Kairouan.

Sasa nirudi kwa faida ya kazi ya Buren. Baada ya mwaka 1972 mtu asomaye maandishi ya zamani ilimbidi aulize kila mara: huyu aliyeitwa saevissima richteri katika kitabu hiki ni yupi? Mara nyingi mahali na mwaka vilimjibu kwamba ni yule mwekundu, lakini si siku zote. Tena wale waliokwenda Amerika ya Kusini kutafuta maadui wa asili wa chungu-moto walijua sasa kwamba kuna nchi mbili za kutafutia wala si moja.

Mmoja wa maadui hao ni nzi mdogo sana wa jamii ya Pseudacteon. Nzi jike huruka juu ya chungu akamtia yai kifuani kwa nukta moja. Buu hutambaa hadi kichwani, akala vilivyomo, mwisho kichwa huanguka, na buu hugeuka kuwa nzi ndani ya kichwa hicho kama ndani ya kijumba. Nzi wa namna hii walianza kuachiliwa Florida mwaka wa 1997. Lakini nzi hawa ni wachaguzi, nao huwatenga chungu kuliko alivyoweza Wilson. Aina moja ya nzi, curvatus, iliyotolewa Las Flores karibu na Buenos Aires, ilistawi ilipopelekwa Alabama kwa chungu weusi, ikashindwa Florida kwa chungu wekundu. Ilibidi watafutwe nzi wa aina ile ile kutoka Formosa, kaskazini mwa Argentina, ndipo wakawakubali wekundu. Kama vitabu vingaliendelea kusema kwamba chungu ni mmoja, nani angalielewa kwa nini nzi wale wamekufa Florida?

Na chungu mwekundu hakukaa Marekani. Mwaka wa 2001 aligunduliwa Brisbane, Australia. Mwaka wa 2004 Uchina. Na mwaka wa 2023 vichuguu vyake vilitangazwa katika kisiwa cha Sicily, Italia. Kila bandari mpya ina ofisa anayeinama juu ya darubini na kutazama kijino cha katikati, kisogo, mabega na kiuno.

Usidhani hata hivyo kwamba Buren aliufunga mlango. Chungu weusi walisukumwa hadi wakabaki kaskazini-mashariki ya Mississippi, kaskazini-magharibi ya Alabama na sehemu ya Tennessee. Mwaka wa 1985 Robert Vander Meer na wenzake walichunguza sumu ya chungu wa sehemu hizo na mafuta yaliyo juu ya ngozi yao, wakakuta jambo ambalo darubini haikulionyesha. Katika ukanda mpana kati ya nchi ya weusi na nchi ya wekundu walikuwako chungu wenye mchanganyiko wa wote wawili. Walikuwa mahuluti, tena wenye kuzaa. Uchunguzi wa chembe za urithi ukalithibitisha jambo hilo muda mfupi baadaye. Ajabu ni kwamba huko Argentina, wanakokutana kwa asili, hawaonekani kuchanganyika hivyo.

Basi ukimweka mezani mfanyakazi mmoja kutoka ukanda ule, na kutazama kifundo cha pili cha kiuno chake, huenda ukakiona si kipana wala si chembamba. Hapo darubini huwekwa kando, naye chungu hutiwa katika chupa ndogo ya dawa ili mafuta yake yapimwe.